Tupeane uzoefu, Novemba 2010: Rais Jakaya Kikwete (JK) amerudi kwa miaka mitano mingine. Ile ya kwanza ilikufikiaje huku kwetu Nyanda za Juu?

Mwana wa Uyole
Heshima kwenu wakuu. Alhamisi ile ya tarehe 18 Novemba nilikuwa gereji Mwanjelwa nasubiri pikipiki, redioni Rais anazindua Bunge. Wabunge wa upinzani, Chadema, walipotoka ukumbini, gereji nzima ikagawanyika. Mmoja anashangilia, mwingine anasema wamemvunjia heshima mkuu wa nchi, nusura washikane. Rais yeye anaendelea kusisitiza umoja wa taifa na kukemea udini. Fundi wangu akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Mimi namdai vocha mbili za mbolea." Kauli hiyo haijanitoka kichwani. Tusipeane habari za magazetini, kila mtu aseme la kwake: 2005 hadi leo umepata nini, umekosa nini, na huu umoja mnauona?

Mkulima wa Vwawa
Mkuu, huyo fundi wako kanigusa kidonda. Mimi ni wa kahawa kidogo na mahindi. Msimu wa 2008 vocha za ruzuku zilipoanza nilipata zote tatu, ya mbegu, ya mbolea ya kupandia, DAP, na ya kukuzia, urea. Nusu ya bei nalipa mimi, nusu serikali. Lazima niseme kweli mbele za Mungu: eka moja iliyokuwa inanipa gunia saba ilinipa kumi na tisa. Nikaezeka bati. Kila mvua ikinyesha namkumbuka JK, na mwaka huo ungeniuliza ningempigia kura usiku wa manane.

Msimu uliofuata jina langu likasomwa mkutanoni kama kawaida. Nikaambiwa subiri. Wiki ya kwanza, ya pili, mvua zimeshika, jirani kapanda. Nikaenda kwa wakala, akanitazama kama mwizi: "Wewe umeshachukua." Nikasema nimechukua lini? Akafungua kitabu. Jina langu lipo, na pembeni dole gumba la wino wa bluu. Ndugu zangu, mimi nimemaliza darasa la saba na naandika jina langu tangu mtoto. Sijawahi kuweka dole gumba popote, hata benki. Nikamwekea kidole changu pale pale kwenye karatasi, tukalinganisha. Lile la kitabuni lilikuwa dogo, kama la mtoto au mwanamke. Akafunga kitabu.

Baadaye nikajua kuna wenzetu walikuwa wanauza vocha kwa elfu tano, wanasaini bila mfuko, mwenye duka anakwenda kudai fedha serikalini. Mimi hata hiyo elfu tano sikuipata. Nilipanda bila mbolea, mahindi yakawa ya njano kama yana homa. Gunia sita.

Sasa nimhukumu Rais kwa gunia kumi na tisa au kwa gunia sita? Nimepiga kura nikiwa sijui.

Ndaga Fijo
Yangu ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba mimi ilikuwa Rungwe.

Mtoto wa Kihesa
Poleni, lakini Rais hakai dukani kwa wakala. Alileta ruzuku, walioiba ni majirani zenu. Mdogo wangu yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mwaka wa tatu, chuo ambacho 2005 hakikuwepo hata kwenye ramani. Shule za sekondari za serikali mwaka ule zilikuwa kama 1,200, leo zimepita 3,000. Na barabara ya Tunduma–Sumbawanga inakwenda kuwekwa lami kwa ule msaada wa Marekani alioweka saini na Bush 2008. Tusiwe watu wa kusahau.

Mwalimu Makete
Kijana wa Kihesa, mimi ndiye nafundisha kwenye moja ya hizo 3,000, nikuambie kilicho ndani. Kidato cha nne wangu wamemaliza mtihani mwezi uliopita. Wamefanya kemia bila kuwahi kushika bureti. Nilikuwa nawachorea ubaoni, nawaambia hapa ndipo tindikali inashukia, tone tone, ninyi fumbeni macho mwone rangi inavyobadilika. Na walikuwa wanafumba kweli! Hisabati hatuna mwalimu mwaka wa pili. Usiku wasichana wanalala kwenye vyumba vya kupanga kwa wazee wa kijiji, sita chumba kimoja, na baridi ya Makete mnaijua.

Mama Ulongwe
Mwalimu, mwanangu yuko kwenye shule kama hiyo yako. Isingekuwepo angekuwa Dar sasa hivi anafua nguo za watu. Anasoma kwa shida lakini anasoma. Usiniharibie furaha yangu baba.

Mwalimu Makete
Mama, sikuharibii. Nataka mwanao ashike bureti.

Mtu wa Kyela
Mmesahau Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme? Kamati teule iliongozwa na mbunge wetu Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Awamu gani nyingine mliona hilo? Kiongozi aliyeacha Bunge liseme namna ile anastahili sifa yake.

Mashine ya Kusaga
Kujiuzulu hakukuniwashia umeme. Mgawo wa 2006 nilikaa na mahindi ya watu ndani mpaka wakanishuku, na 2009 mgawo ukarudi tena. Sifa mpe wewe.

Mtu wa Kyela
Basi nunua injini ya dizeli.

Mashine ya Kusaga
Nikopeshe wewe. Ile mikopo ya serikali, mabilioni ya JK, tuliambiwa ni ya watu kama sisi. Nilikwenda benki mara nne, kila mara fomu mpya, ya mwisho ikataka hati ya nyumba. Mwenye hati ya nyumba anahitaji mkopo wa mashine?

Jicho la Iringa
Mnabishana bure, kura zimesema. 2005 alipata asilimia 80, kura milioni 9.1. Safari hii 61, kura milioni 5.3. Ubunge wa Mbeya Mjini kachukua Sugu, Iringa Mjini Msigwa, wote Chadema. Na waliojiandikisha ni milioni 20, waliopiga hawafiki milioni 9. Hao waliobaki nyumbani ndio wenye hukumu yenyewe.

Mtoto wa Kihesa
61 ni ushindi. Aliyebaki nyumbani asitafutiwe maneno ya kusema.

Binti wa Kilolo
Samahanini nawaingilia. Mnaongelea asilimia, mimi nataka kusema la umoja.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi wa CCM miaka mingi. Kaka yangu safari hii alikuwa wakala wa upinzani kituoni. Septemba walikosana kwa ajili ya bendera ya upinzani, kaka aliichomeka kwenye mwanzi juu ya banda la ng'ombe. Baba akaing'oa, akasema mkutanoni kwamba mwenye bendera ile asije kwake kuomba hata jembe. Kaka akahamia mjini.

Baba amefariki wiki moja baada ya Rais kuapishwa. Kijijini kwetu kaburi linachimbwa na vijana wa kitongoji, haijawahi kuwa vinginevyo. Saa mbili asubuhi walikuwa wamekaa kule kwenye kisima, wanatazama. Saa nne majembe yalikuwa mawili tu, la mjomba na la mchungaji. Mmoja wao akamwambia mama kwa sauti, "Alisema tusiombe jembe." Mama hakujibu, aliingia ndani akakaa chini.

Kaka alifika saa tano, vumbi mpaka nyusi. Hakusalimia mtu. Alivua viatu, akaingia shimoni. Alipofika usawa wa kiuno wakaja vijana wanne. Wengine hawakuja mpaka leo.

Jioni jeneza linatolewa, wakafika wazee wa chama kutoka kata na bendera ya kulifunika. Kaka akasimama mbele ya kaburi, mikono ina udongo, akasema hiyo haishuki humu. Wazee wakasema marehemu ni wetu. Kaka akasema ni wangu kwanza. Jua linazama, watu kimya, watoto wanalia kwa njaa. Mwisho mchungaji akaichukua, akaikunja, akaiweka mapajani kwa mama. Tukazika.

Mama na kaka hawajasemezana tangu siku hiyo. Nimesikiliza hotuba nzima ya Rais. Nilikuwa nangoja aseme sisi wa namna hii tunaanzia wapi.

Ndaga Fijo
Dada, nimesoma mara mbili. Pole sana.

Mshonaji Mwanjelwa
Pole mdogo wangu. Mimi Mwislamu, jirani yangu kibandani ni Mmoravian, tunashona pamoja mwaka wa tisa. Oktoba wateja wake wakaanza kumuuliza kwa nini anakaa na mtu wa Kikwete. Siku hizi tunasalimiana kwa kichwa tu. Mkasi wake bado uko kwangu, naogopa kumrudishia ataona nimekata undugu.

Mwana wa Uyole
Mrudishie na mandazi juu yake.

Mtu wa Kyela
Binti, waite wazee wa ukoo, kaka aombe radhi kwa mama. Mama haombwi kungoja.

Mashine ya Kusaga
Aombe radhi kwa kosa gani? Amemchimbia baba yake kaburi peke yake. Waombe radhi wale wa kisimani.

Mama Ulongwe
Msiite wazee mapema, watalifanya kesi. Mwacheni mama apoe.

Jicho la Iringa
Subirini ulanzi, pombe yetu ya mianzi, uanze kutoka. Debe moja, wale vijana wakae na kaka yako kwenye gogo moja. Kwetu ugomvi wa bendera ya 1995 uliisha hivyo.

Mwalimu Makete
Au uligeuka ngumi, Jicho. Ulanzi nao una chama chake.

Mkulima wa Vwawa
Dada, kwako ni kaburi, kwetu tunangoja mbolea. Jimbo letu limebaki CCM, ila kitongoji chetu ndicho kilichoongoza kwa kura za upinzani. Kesho saa nne majina ya vocha yanasomwa. Umoja wa Rais nitauona kwenye ile orodha. Nikirudi nitawaambia.

Binti wa Kilolo
Asanteni wote, kamwene. Leo asubuhi mama ameitoa bendera kwenye kiti, ameiweka kwenye sanduku la vitenge. Hakusema kitu. Ila ameniambia nimpigie kaka, shamba la bondeni halijapandwa na mvua ndiyo hizi. Kaka amesema Jumamosi.

Mkulima wa Vwawa
Nimerudi mkutanoni. Jina langu limesomwa, la kumi na saba. Nimesaini mwenyewe kwa kalamu, mwenyekiti akitazama. DAP haijafika.