Venice: Februari, Mei au Novemba?

Binti Faza: Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nataka kukata tiketi za Venice wiki hii, lakini sijaamua kati ya Februari, nione Kanivali, ile sherehe ya vinyago, Mei, au Novemba ambapo vyumba hushuka bei. Naomba ushauri.

Mzee wa Pangani: Binti, hujatueleza unatoka wapi, una pasipoti gani, wala unafuatana na nani. Mwenye pasipoti ya kwetu huomba viza ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya pamoja na Italia, kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, na ada ya mtu mzima ni yuro 90. Usilipie tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza haijatoka.

Nahodha Mstaafu: Novemba niliijaribu, na sitairudia. Upepo wa siroko ulivuma usiku kucha ukiisukuma bahari ya Adriatiki kuelekea kaskazini, ukakutana na bamvua, na kulipopambazuka tukakuta maji yamejaa kwenye sebule ya hoteli. Boti za abiria zilikuwa zimepunguzwa, tukapita na masanduku kichwani juu ya mbao zilizotandikwa njiani, tukaikosa treni, na hoteli ikakataa kutupa hata mahali pa kungojea.

Mwalimu Rehani: Hayo bila shaka yalitokea kabla ya Oktoba 2020, malango ya mradi wa MOSE yalipoanza kuinuliwa kuizuia bahari. Mimi naipenda Novemba, hasa tarehe 21, wenyeji wanapovuka daraja la muda kwenda kanisa la Salute kushukuru kwa kuisha kwa tauni iliyoanza 1630.

Nahodha Mstaafu: Mwalimu, malango huinuliwa maji yakitabiriwa kufika sentimita 110, ilhali Uwanja wa San Marco uko chini na huanza kulowa yafikapo 80 na ushei. Kanisa la San Marco limezungushiwa ukuta wa kioo, lakini uwanja bado hujaa.

Mama Zuhura: Mei haina mfano kwa mchana mrefu na safari za boti kwenda visiwa vya Burano na Torcello. Baadhi ya siku kati ya Aprili na Julai mgeni wa kutwa hulipa yuro 5 kuingia mjini, au 10 akichelewa kujiandikisha. Anayelala mjini hatozwi.

Mzee wa Pangani: Alale Mestre, upande wa bara, treni ni dakika 10 hivi na vyumba ni nafuu.

Mama Zuhura: Mzee, atakayelala Mestre ataikosa Venice ya alfajiri, kabla umati haujashuka, nayo ndiyo inayostahili nauli.

Binti Faza: Ahsanteni. Pasipoti zetu ni za Kenya, nami nafuatana na mama mkwe, anayetembea kwa mkongojo.

Mama Zuhura: Hilo ungelisema mwanzo, mwanangu! Madaraja ya mji ule yanazidi 400, mengi yana ngazi, na wakati wa Kanivali watu husongamana juu yake. Futa Februari.

Nahodha Mstaafu: Boti namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote, kwa hiyo tafuta chumba karibu na kituo chake, bila daraja katikati.

Mwalimu Rehani: Na Novemba boti hiyo huwa na nafasi ya kukaa, jambo ambalo Mei ni shida kulipata.

Mzee wa Pangani: Mama mkwe mwenyewe ameulizwa?