Michael Bolton na Isley Brothers: aliiba au alionewa?

MTOA MADA: Wadau, Bolton, mwimbaji wa Marekani, kurudia nyimbo za soul (muziki wa Wamarekani weusi) hakujaanza leo. Alirudia ya Otis Redding mwaka 1987, kisha ya Percy Sledge mwaka 1991 ikashika namba moja Marekani. Hizo hazina ugomvi, watunzi wanatajwa na kulipwa. Kesi ni "Love Is a Wonderful Thing" ya 1991, aliyotunga na Andrew Goldmark. Isley Brothers, kundi la soul la Marekani, walikuwa na wimbo wa jina hilohilo, waliurekodi 1964, ukatoka 1966. Mwaka 1994 juri (jopo la raia wanaoamua kesi) ya Los Angeles ikasema Bolton ameiga. Haki ilitendeka?

MCHANGIAJI A: Alionewa. Jina la wimbo halina hakimiliki. Halafu wimbo wa Isley haukuingia hata kwenye mia bora za Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, na CD yake ilitoka 1991, wakati Bolton ameshatunga wa kwake. Mwaka 1966 alikuwa mtoto wa miaka 13 huko Connecticut. Aliusikia wapi?

MCHANGIAJI B: Redioni. Watangazaji wa enzi hizo walitoa ushahidi kwamba waliupiga, na Bolton mwenyewe alikiri ni shabiki mkubwa wa Isley. Jina peke yake lisingemtia hatiani, hapo tuko pamoja. Ila mtaalamu wa muziki wa upande wa Isley alitaja vitu vitano: maneno ya kiitikio na mdundo na noti zake, mwisho wa sentensi ya muziki uliosogezwa, vipande vya ala, uhusiano wa beti na kiitikio, na namna wimbo unavyofifia mwishoni. Kimoja kimoja ni vya kawaida. Vyote vitano ndani ya wimbo mmoja, hapo ndipo juri ilipokamatia.

A: Na ule mkanda wa kazi? Wakiwa wanatunga, Bolton anasikika akimuuliza Goldmark kama hicho si kitu cha Marvin Gaye, mwimbaji mwingine wa soul. Mwizi haulizi hivyo!

B: Mkanda huo ndio uliomchoma, maana unaonyesha alihisi anaazima kwa mtu, akakosea jina tu. Na sheria yao haiangalii nia. Ukiiga bila kujua, umeiga.

MCHANGIAJI C: Mnasahau hesabu. Juri ilisema 28% ya faida ya albamu ya Bolton yenye wimbo huo ilitokana na wimbo huo, na 66% ya faida ya wimbo ilitokana na kilichoigwa. Yaani katika kila dola 100 za faida ya albamu, takriban 18.50 zinakwenda kwa Isley. Jumla ikafika dola milioni 5.4: Sony, kampuni ya muziki ya Bolton, peke yake zaidi ya milioni 4.2, Bolton 932,924, Goldmark 220,785.

A: Hiyo 66% ndiyo siikubali. Watu walinunua sauti ya Bolton.

C: Hilo lilikuwa jukumu la upande wake kulithibitisha. Mdai anaonyesha mapato. Mdaiwa ndiye anayechambua gharama, na faida iliyotokana na jina lake au matangazo. Walishindwa kuishawishi juri. Rufaa ikagonga mwamba 2000, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza 2001.