Nina pointi 11 za PCM, nataka ujenzi: digrii Kampala au diploma Mbale?

BintiMalaba
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza S6 (kidato cha sita) na majibu ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ninayo: Fizikia C, Hisabati D, Kemia E, GP (maarifa ya jumla) na ICT (kompyuta) nimepita. Nataka uhandisi wa barabara na madaraja, sina kozi nyingine moyoni. Baba ni dereva wa lori la Mombasa–Kampala, na chuo kimoja cha binafsi Kampala kimenipa barua ya digrii. Mjomba anasema niende UTC Elgon, chuo cha ufundi cha serikali pale Mbale, nisome diploma kwanza. Mama hataki kusikia. Anasema mtoto aliyefika S6 kwenda "tekniko" ni kurudi nyuma. Nyumbani hatulali kwa mabishano. Nisaidieni.

MpimaBarabara
Mdogo wangu, marahaba, na hongera. Mimi nilianza na diploma, digrii nikaichukua nikiwa tayari kazini, na barabara za huku mashariki nimezipima sana.

Tuanze na nafasi za kulipiwa na serikali, ujue umesimama wapi. Kwa uhandisi, Fizikia na Hisabati kila moja huzidishwa mara 3, somo la tatu mara 2, halafu GP na ICT moja moja. C ni pointi 4, D ni 3, E ni 2, kwa hiyo yako: 12, 9, 4, 1, 1, jumla 27, na vipointi vya S4 (kidato cha nne) juu yake. Mwenye A tatu anafika 50. Makerere kwa serikali usiitegemee, ila fomu ya nafasi za wilaya ijaze, Tororo, wilaya yenu ya Malaba, ina fungu lake kama wilaya nyingine.

Sasa hiyo barua ya Kampala. Chuo kuwa na kibali hakutoshi, kozi yenyewe nayo lazima iwe na kibali cha NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, na kibali cha kozi kina muda wake wa kuisha. Orodha iko wazi kwenye tovuti yao. Tafuta jina la kozi neno kwa neno kama lilivyo kwenye barua yako. Kisha uulize Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama digrii hiyo wanaitambua, maana bila wao utakuwa na cheti lakini huwezi kusajiliwa mhandisi.

Baada ya hapo panda taksi uende ukaone kwa macho, Mbale na Kampala zote mbili, siku ya masomo, si siku ya maonyesho. Usikae sana ofisini kwao. Omba kuonyeshwa maabara ya zege. Kuna mashine ya kuvunja vipande vya zege, vile vya mchemraba wa milimita 150, ambavyo huvunjwa siku ya 7 na siku ya 28 kupima nguvu. Karibu yake pawe na tangi la maji ambamo vipande vinalowekwa, vimeandikwa tarehe. Ukikuta tangi lina maji na tarehe ni za mwezi huu, hapo watu wanasoma. Ukikuta tangi kavu limejaa viti vibovu, jengo liwe na ghorofa ngapi, mimi singempeleka mwanangu. Uliza pia levo na theodolaiti, vyombo vya kupimia ardhi, ni ngapi, na wanafunzi wangapi wanagawana kimoja.

Na ukishaingia, popote, nisikilize kwa hili. Kwenye vikundi vya kupima, msichana hupewa daftari aandike namba na wavulana ndio wanashika chombo. Nimeliona kwa wanafunzi wa mazoezi wanaoletwa kwetu kila likizo. Wanamaliza kozi hawajui kusimamisha levo ikakaa sawa. Linaniuma, kwa sababu ni watoto wenye akili kabisa. Dai zamu yako tangu wiki ya kwanza. Nafasi ya mazoezi nayo usingoje chuo kikutafutie, nenda mwenyewe kwa mhandisi wa wilaya mapema, wengine hawajaamka.

Kwa majibu yako na mfuko wa baba, mimi naona Elgon. Mama mpeleke pamoja nawe siku hiyo, aone.

AfandeBombo
Binti, ongeza hili la pesa. Mwambie mzee wako aombe ada zote ziandikwe karatasi moja: masomo, usajili, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi. Bei ya kwenye tangazo huwa ni ya masomo tu, mengine yanakuja baadaye na yanatisha. Bodi ya mikopo ya wanafunzi ipo tangu 2014. Inalipa ada, lakini chakula na chumba ni juu yenu. Tangazo lao likitoka msichelewe hata siku moja.

MamaHosteliBanda
Mimi naishi na wanafunzi mlangoni kwangu, na sikubali kwamba Kampala ni ya kuogopwa. Kampuni nyingi za ujenzi makao yao yako huku. Mwanangu, Chuo Kikuu cha Kyambogo, hapa hapa Kampala, nacho kina diploma ya ujenzi, mbona hakuna aliyeitaja? Uliza na hiyo. Ila usichukue chumba kabla hujajua ratiba yako. Wanaotoka darasani usiku wakalala mbali, boda peke yake inawamaliza.

BintiMalaba
Asanteni sana. Kyambogo sikuijua. Mama amekubali twende Mbale wiki ijayo, Kampala nitakwenda na baba akirudi safari. Kaka Mpima, nikichukua diploma, digrii baadaye naanza upya?

MpimaBarabara
Inategemea chuo. Kuna vinavyomwingiza mwenye diploma mwaka wa 2, vingine vinamwanzisha wa 1. Wanachoangalia ni daraja la diploma yako, kwa hiyo ukitoka na la chini mlango unakuwa mwembamba. Kabla hujalipa shilingi yoyote, kiandikie chuo unachokitaka kwa digrii uwaulize, na jibu ulipate kwa maandishi. Mkifika Mbale ulizieni karakana ya ujenzi moja kwa moja, na nendeni asubuhi.