Gumzo la ukoo: barua ya maswali na jeshi la lazima

[19:02] Kassim: Shikamooni wakubwa. Huku kwenye makundi ya vijana wanabishana, eti Ujerumani imerudisha jeshi la lazima. Wengine wanasema ni hiari. Ndugu zetu wa kule waliozaliwa 2008 wanauliza washike lipi.

[19:05] Mjomba Hamza: Marahaba. Yote mawili yamo kwenye sheria moja, ndiyo maana watu wanabishana. Bundestag, bunge lao, iliipitisha tarehe 5 Desemba 2025, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2026. Ukitimiza miaka 18 unaletewa barua yenye maswali. Mwanamume lazima ajibu, mwanamke akitaka. Kisha kupimwa afya, na hapo pia mwanamume hana ruhusa ya kukataa. Kuvaa sare ndiyo hiari. Na kuna hatua ya nne ambayo wengi hawaisomi: waliojitolea wasipotosha, bunge linaweza kutunga sheria ya kuwaita kwa lazima.

[19:06] Mjomba Hamza: Kwa hiyo hatua nne, hiari iko kwenye moja. Mimi neno hiari likitajwa hivyo siliamini hata kidogo.

[19:08] Shangazi Mwanaidi: Shemeji Hamza, si walilifuta jeshi la lazima miaka mingi tu?

[19:11] Baba Mdogo Athumani: Hawakulifuta dada. Walilisitisha tarehe 1 Julai 2011. Kusitisha na kufuta ni mambo mawili. Ibara ya 12a ya katiba yao, inayoruhusu wanaume waitwe kuanzia miaka 18, haikuguswa hata neno. Na sheria yenyewe ya 1956 ilibaki kabatini: nchi ikitangaza hali ya kujihami, inaamka yenyewe bila kura nyingine ya kuifufua. Vijana waliokua baada ya 2011 waliaminishwa kuwa jambo hili limekwisha. Halikuwa limekwisha.

[19:12] Rehema: Hilo linaniudhi sana. Kizazi kizima hakikuambiwa ukweli.

[19:15] Kassim: Mjomba, kwenye hiyo fomu wanauliza nini hasa?

[19:19] Mjomba Hamza: Urefu, uzito, elimu, ujuzi ulio nao, hali ya afya, na una hamu kiasi gani ya kutumikia. Barua ina msimbo wa kuskani kwa simu, unajazia mtandaoni. Vijana wanakosea mahali patatu.

[19:20] Mjomba Hamza: Kwanza wanaidhani ni tangazo la ajira, wanaitupa. Mwanamume asiyejibu anaweza kutozwa faini.

[19:21] Mjomba Hamza: Pili wanaandika "sina hamu" wakidhani wamemaliza. Hapana. Jibu hilo halimwondoi mtu kwenye upimaji. Linasema tu hajajitolea.

[19:22] Mjomba Hamza: Tatu, na hili ndilo baya zaidi, wanadhani "sina hamu" ni sawa na kukataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri. Hivyo ni vitu viwili mbali kabisa, na la dhamiri lina ombi lake, ofisi yake na karatasi zake.

[19:24] Shangazi Mwanaidi: Na asiye raia? Kuna wanaoishi kule kwa kibali tu.

[19:25] Mjomba Hamza: Hawahusiki. Ni raia tu. Ila mwenye uraia pacha anahesabiwa raia kama wengine, asidhani pasi ya pili itamkinga.

[19:29] Rehema: Niongeze kwenye upimaji. Wameanza kidogo kidogo kwa waliozaliwa 2008 na kuendelea, kadiri nafasi zinavyopatikana. Kuanzia Julai 2027 wanataka kupima wanaume wote wa kila mwaka, kama laki tatu hivi. Hapo ndipo mimi siamini mpango wao. Ofisi za wilaya zilizokuwa zikifanya kazi hii zilifungwa 2012. Majengo yakaenda, madaktari waliozoea kazi ile wakaenda. Gawa laki tatu kwa siku za kazi, tuseme 250 kwa mwaka. Ni watu 1,200 kila siku bila kukosa. Daktari mmoja akimaliza watu 10 kwa siku kwa uangalifu, unahitaji madaktari 120 wanaofanya kazi hiyo tu, na hujahesabu wauguzi, maabara wala wanasaikolojia.

[19:30] Rehema: Madaktari hao watatoka wapi? Watatoka hospitali. Na kazi ikiharakishwa, anayeumia ni kijana mwenye tatizo lisiloonekana kwa macho.

[19:31] Kassim: Kama lipi dada?

[19:35] Rehema: Pumu inayomjia wakati wa baridi tu. Goti lililowahi kuchanika mishipa. Mzio mkali wa chakula. Kifafa kilichotulia kwa dawa. Sonona. Pale wanapima urefu, uzito, macho, masikio, shinikizo la damu na mkojo, wanakuuliza historia yako, wanakukagua viungo. Siku unayokwenda mapafu yako yakiwa safi, pumu haionekani. Daktari ataandika anachokiona. Kwa hiyo kijana aende na bahasha: barua ya daktari wake wa kawaida, matokeo ya vipimo, picha za eksirei kama zipo, orodha ya dawa na dozi zake, tarehe za kulazwa. Aache nakala, asilia arudi nazo nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na jeshini humuumbua kwenye mbio za kilomita nyingi akiwa na mzigo mgongoni.

[19:37] Shangazi Mwanaidi: Na wale watakaojifanya wagonjwa?

[19:40] Rehema: Mama, hao watakuwepo, na ndio ubaya wa mfumo wenyewe. Mwenye wazazi wenye pesa anapelekwa kwa bingwa wa mgongo, anarudi na ripoti ya kurasa sita. Mtoto wa dereva wa basi ana mgongo mbovu kweli lakini hana ripoti. Daktari wa jeshi anasoma karatasi. Wa kwanza anarudi nyumbani, wa pili anaandikwa anafaa.

[19:44] Baba Mdogo Athumani: Marekani waliyaona hayo wakati wa Vietnam. Mwanafunzi wa chuo aliahirishiwa, kijana wa kiwandani akaenda. Kelele zilipozidi wakaleta bahati nasibu, tarehe 1 Desemba 1969. Vidonge 366 vya plastiki, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa, kikichotwa kwanza tarehe hiyo inaitwa kwanza. Sasa angalieni kilichoharibika. Vidonge viliingizwa mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza, Desemba mwisho, na havikuchanganywa vya kutosha. Vya mwisho wa mwaka vikabaki karibu na mkono. Walioitwa waliishia namba 195. Katika siku 31 za Desemba, tano tu ndizo zilizopata namba ya juu ya hapo.

[19:45] Kassim: Siku tano tu? Yaani mtu anapelekwa vitani kwa sababu kazaliwa Desemba?

[19:48] Baba Mdogo Athumani: Kwa sababu watu hawakukoroga ndoo vizuri. Mwaka uliofuata wakatumia mapipa mawili, moja la tarehe na moja la namba, ndipo kidogo ikawa haki. Nayasema haya kwa sababu sheria ya Ujerumani nayo imetaja kuchagua kwa bahati nasibu kama njia ya mwisho, iwapo watakaofaa watakuwa wengi kuliko wanaohitajika. Siku hizi itakuwa kompyuta. Swali langu ni lile lile: nani anaikagua hiyo programu, na je, kijana anaweza kudai kuoneshwa namna namba yake ilivyotoka?

[19:50] Mjomba Hamza: Na hata ikichanganywa vizuri, bado kuna hesabu. Tuseme wanaume laki tatu, wanahitajika elfu 40. Mmoja kati ya saba na nusu. Huyo mmoja anapoteza mwaka wa masomo au wa mshahara, wengine sita wanaendelea na maisha yao. Ujerumani ilishindwa hapo hapo zamani. Muda wa kutumikia ulishushwa kutoka miezi 18 miaka ya sitini mpaka miezi 6 mwaka 2010, na waliokuwa wakiitwa kweli wakawa wachache mno katika rika lao. Mzigo wa taifa zima ulibebwa na kijana aliyekosa bahati.

[19:52] Salma: Mimi nipo upande mwingine kidogo. Sweden walisitisha 2010, wakaamua kurudisha 2017, wakaanza kuita 2018. Huko fomu wanajaza wote, wavulana na wasichana, kisha wanaitwa wachache kwenye vipimo, na wanaochukuliwa ni wachache zaidi. Wanaangalia sana nani anataka. Kelele hazikuwa nyingi.

[19:55] Mjomba Hamza: Salma, umesema kweli, na mimi sipingi kwamba Sweden imeendeshwa vizuri. Lakini walianza na watu elfu nne tu kwa mwaka. Ukichukua elfu nne kati ya rika la karibu laki moja, wanaotaka unawapata. Ongeza idadi mara tano uone hiari inabaki wapi. Ujerumani wanataka wanajeshi 260,000 ifikapo 2035, na askari wa akiba 200,000 juu yao. Sasa hivi wana laki moja na themanini na kitu. Pengo hilo halijazwi na wenye hamu peke yao.

[19:56] Salma: Ndiyo maana wameweka mshahara. Kama euro 2,600 kwa mwezi kabla ya kodi, na anayekaa mwaka au zaidi anasaidiwa gharama za leseni ya udereva.

[19:59] Mjomba Hamza: Na ndiyo maana watakaojaa ni watoto wa nyumba ambazo euro 2,600 ni pesa nyingi. Simlaumu kijana anayezifuata, hata kidogo. Ila asome muda wa mkataba kabla ya kusaini, kwa maana miezi 6 ndiyo ya chini, na baada ya hapo jina lake halifutwi. Linaingia kwenye akiba. Miezi sita haiishii mwezi wa sita.

[20:01] Shangazi Mwanaidi: Haya, huyo wa dhamiri. Kuna mmoja wetu hawezi kushika bunduki, tangu utotoni yuko hivyo. Afanyeje?

[20:06] Mjomba Hamza: Haki yake iko ibara ya 4 kifungu cha 3 cha katiba: hakuna anayelazimishwa kutumika vitani kwa silaha kinyume cha dhamiri yake. Anaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya kutimiza 18. Anaandaa vitu vitatu. Ombi fupi lenye sahihi linalotaja ibara hiyo. Maelezo ya maisha yake kwa mpangilio wa tarehe, shule mpaka leo. Na barua ndefu ya sababu zake mwenyewe. Vyote vinapelekwa kituo cha ajira cha Bundeswehr, yaani jeshi lao, nao wanavipeleka kwa ofisi ya kiraia iliyoko Köln, ambayo ndiyo inayoamua. Kupimwa afya anakwenda vile vile. Akionekana hafai, ombi halina kazi tena.

[20:08] Kassim: Hiyo barua ya sababu ndiyo ngumu. Mtandaoni kuna mifano tayari.

[20:13] Mjomba Hamza: Asiinakili! Wanaosoma barua hizo wanasoma nyingi, sentensi iliyokopwa wanaijua. Kosa la pili ni kuandika siasa. Ukiandika "siungi mkono vita fulani" au "siiamini serikali hii" unakataliwa, kwa sababu sheria inataka dhamiri inayokataa kuua kwa silaha katika vita vyovyote, si vita unavyovichagua. Aandike lini alitambua hivyo, nani alimlea na alimfundisha nini, jambo gani lilimgusa, na kitatokea nini ndani yake akilazimishwa. Kurasa mbili za kweli zinatosha. Akikataliwa ana mwezi mmoja wa kupinga uamuzi.

[20:15] Baba Mdogo Athumani: Na ajue kwamba zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya themanini kijana alikaa mbele ya jopo akaulizwa: mama yako akishambuliwa na una bunduki, utafanya nini? Dhamiri ya mtoto wa miaka 18 ikapimwa kwa mitego. Sasa ni maandishi. Hatua hiyo ni nzuri, naisifu. Mwaka 2025 maombi yalikuwa mengi kuliko mwaka wowote tangu 2011, na sheria ilikuwa bado haijaanza.

[20:17] Salma: Akikubaliwa ndiyo basi, au anapewa kazi nyingine?

[20:19] Mjomba Hamza: Kwa sasa ndiyo basi, kwa kuwa hakuna anayelazimishwa kutumikia. Siku lazima ikirudi anaweza kupangiwa utumishi wa kiraia, hospitali au nyumba za wazee, na katiba inasema usizidi muda wa askari.

[20:22] Rehema: Na msishangae wakubwa wakiutaka huo pia. Kabla ya 2011 nyumba za wazee zilitegemea vijana wale kusukuma viti vya magurudumu na kugawa chakula. Ni kazi ya heshima. Lakini ukiijaza kwa wanaolazimishwa, wa kulipwa vizuri hataajiriwa.

[20:24] Kassim: Na wasichana? Watabaki nje?

[20:26] Baba Mdogo Athumani: Kwa Ujerumani, ibara ile ile ya 12a inakataza kuwalazimisha wanawake kushika silaha. Kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya mabunge yote mawili. Denmark wameshavuka huko: msichana aliyetimiza 18 kuanzia tarehe 1 Julai 2025 anachota namba ya bahati nasibu kama mvulana.

[20:29] Shangazi Mwanaidi: Kassim mwanangu, waandikie wale watoto leo leo. Barua isije ikakaa kwenye sanduku la posta.

[20:32] Mjomba Hamza: Na hapo kuna jambo moja la mwisho. Barua inakwenda kwenye anwani iliyosajiliwa manispaa, siyo anwani wanayotumia kuagizia vitu. Aliyehama alitakiwa kujisajili ndani ya wiki mbili. Kama hajajisajili, barua inaenda nyumba ya zamani na huenda asiione kwa wakati. Na wakishajaza, wahifadhi uthibitisho wa kutuma, picha ya skrini yenye tarehe.

[20:34] Kassim: Sawa mjomba. Wawili walihama mwaka huu. Naanza na swali la anwani, kisha nawatumia maelezo ya dada Rehema ya bahasha.