Kakungulu ndiye aliyeasisi ufalme wa Busoga?

Mwana wa Kamuli: Tukisimulia ufalme wetu tunaanzia 1939, machifu walipomchagua Ezekiel Tenywa Wako awe Kyabazinga, yaani mfalme wa Busoga. Kabla ya hapo je? Bugabula, Bulamogi, Luuka, Kigulu, kila eneo na mtawala wake. Aliyewakalisha kwenye Lukiiko moja, yaani baraza, ni Semei Kakungulu, rais wake tangu 1906. Mpiganaji huyo wa Buganda, aliyemkamata Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro, ndiye aliyetupa umoja. Kwangu mimi huyo ni mwasisi.

Mtu wa Hoima: "Aliyemkamata Kabalega" ni sifa hiyo? Omukama alipambana na Waingereza zaidi ya miaka mitano, akapigwa risasi, akakatwa mkono, akapelekwa Shelisheli. Bunduki za Kakungulu zilikuwa za nani, ssebo?

Jirani wa Bugembe: Turudi Busoga. Waingereza walimleta Kakungulu 1906, wakamwondoa 1913. Mwasisi gani huyo anayeachishwa kazi na mwajiri wake? Hakuwahi kuwa Kyabazinga, na machifu walikuwepo kabla yake.

Mwana wa Kamuli: Ndugu wa Hoima, usinisingizie. Sikumtukana Kabalega. Aliporudi kutoka uhamishoni alifia huku kwetu Jinja, 1923. Sisi tunamheshimu.

Mtu wa Hoima: Alifia njiani bila kufika nyumbani, nawe wamtaja aliyemfunga kwa fahari! Baganda walitutwalia kaunti zetu za Buyaga na Bugangaizi, tukangoja mpaka kura ya 1964 kuzirudisha. Hilo nalo ni umoja?

Wa Masaka: Mzee, taratibu. Kakungulu alizaliwa Kooki, na Kooki ilikuwa na mfalme wake hadi ilipojiunga na Buganda 1896. Kila kosa la mtu mmoja mnalitupia Baganda wote. Mimi nimechoka kutukanwa kwa vita ambavyo hata babu yangu hakuvipigana.

Mtu wa Hoima: Aliongoza jeshi la nani, la Kooki?

Binti wa Mbale: Kaka zangu, mnamgombania utadhani aliishia Jinja. Alikuja kwanza huku Bukedi, akajenga ngome Budaka, kisha Mbale, akitaka ufalme wake mwenyewe. Waingereza wakamnyima. Mji wetu umekua kutoka kwenye makao yake, hilo silikatai. Ila askari wake walichukua ng'ombe wa watu. Ukimwita mwasisi, taja na hao ng'ombe.

Wa Masaka: Dada, na dini je? Abayudaya wa huko, jumuiya ya Wayahudi, ni matunda yake, tangu 1919. Mtu aliyekatwa tamaa na Waingereza akatahiriwa, akaishika Torati. Hapo ndipo mimi namheshimu.

Binti wa Mbale: Dini waiheshimu, ng'ombe wawapita. Waliopoteza mifugo hawakulipwa kwa Torati.

Mwana wa Kamuli: Mfalme yupi hapa Uganda hakuchukua ng'ombe? Kabalega mwenyewe…

Mtu wa Hoima: Malizia sentensi hiyo, nakungoja.