KAIFUTA MAIKI KWA TISHU! Kwani sisi wa majitaka si wadau?

Mvuta_Shimo_Makorora:

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Jina simtaji na hakuna haja. Aliyewahi kukanyaga kikao chochote cha maji hapa Tanga anamjua: yule wa beji mbili shingoni, kila sentensi yake inaanza na "tulipokuwa New York". Huyo huyo.

Kaifuta maiki. Kwa tishu. Mbele ya kadamnasi.

Tumeitwa wadau wa maji na usafi wa mazingira tutoe maoni, ili wanaokwenda kuisemea nchi kwenye mikutano ya kimataifa waende na kauli ya watu, si ya kwao peke yao. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Wamekuja wakulima kutoka Amani, wavuvi, kina mama wa jumuiya za watumia maji kutoka Mkinga, wenye magari ya kunyonya majitaka, na sisi tunaotapisha vyoo kwa pampu ya mkono kule gari lisikofika. Zamu yangu ikafika, nikasimama. Nikasema vichochoro vya Makorora na Mabawa gari haliingii, mpira haufiki, na masika ikianza mashimo yanafurika mpaka barazani kwa watu. Nikaeleza kazi ilivyo: ukifungua shimo unamwaga kwanza mafuta ya taa kuua harufu, unasubiri, halafu unaanza kuvua matambara, nepi, chupa na nyembe, ndipo pampu ivute. Wembe ukikupitia mkononi hakuna anayekuuliza. Nikasema lengo namba 6 la maendeleo endelevu la Umoja wa Mataifa, la maji na usafi, linataka ifikapo 2030 kila mtu awe na choo salama, sasa shimo likijaa tope kinyesi linakwenda wapi, na nani analitoa?

Sijamaliza, jamaa kanyoosha mkono kaichukua maiki. Kachomoa tishu kwenye boksi la meza kuu. Kaifuta juu, kaifuta chini, kaizungusha, kama mtu anayefuta meza aliyotapikia mtoto. Ndipo akafungua kinywa: "Tunamshukuru ndugu yetu, lakini hapa tuko kwenye mambo ya kimataifa."

Mkulima kaongea kabla yangu, buti zimejaa tope la Kihuhwi, huko juu milimani, maiki haikufutwa. Mvuvi wa Deep Sea, pale wanaposhusha samaki, kaongea, magamba bado yako kwenye mkono wa shati, haikufutwa. Nimefika mimi, nimeoga, nimevaa kanzu ya Ijumaa, boksi zima la tishu likaisha! Bado kidogo aagize dawa ya kunguni animwagie.

Haya, mambo ya kimataifa ni yapi? Mto Umba unatoka milima yetu ya Usambara, unapita Mkinga, unamwaga maji baharini upande wa Kenya, karibu na Vanga. Tunachokitupa huku, jirani anakikuta kule. Kipindupindu kikizuka Horohoro mpakani kwetu, watu wa Lungalunga upande wa Kenya hawalali. Hilo nalo mpaka lipandishwe ndege ndipo liitwe la kimataifa?

Na Tanga ni ya kufundishwa ushirikiano? Maji ya mjini yanatoka Mto Zigi, yanakingwa bwawa la Mabayani, na wakulima wa juu wameunda umoja wao wa UWAMAKIZI kuhifadhi vyanzo ili maji yasitufikie sisi huku chini yakiwa tope. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ikauza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha za mradi unaotunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, wawekezaji wakainunua mpaka ikapitiliza kiwango. Mji mzima umeshika kamba moja. Lakini mtu wa choo akishika maiki, inafutwa!

Ndani ya lengo la 6 kuna kipengele b, kinasema jamii za wenyeji zishirikishwe kusimamia maji na usafi wa mazingira. Yule bwana kakisoma mwenyewe asubuhi, kimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Mchana kashika tishu.

Nataka aniombe radhi, hadharani, kwa maiki ile ile.

Binti_Sahare: Nilikuwepo, kakangu, hujaongeza chumvi. Na hujasema alivyoishika ile tishu kwa vidole viwili akampa dada wa usajili akaitupe. Dada wa watu kaganda. Pole sana.

Fundi_Mita: Mkuu, posho ulisaini au hukusaini? Kama ulisaini, basi na tishu ilikuwa ndani ya bajeti.

Mvuta_Shimo_Makorora: Posho haifuti dharau. Kaifuta juu na chini!

Mzee_wa_Barabara_ya_8: Huyo hata mimi aliwahi kuniambia swali langu "litachukuliwa". Mpaka leo sijui limechukuliwa na nani. Lakini wewe kijana una makelele, watu wametukanwa mama zao kwenye vikao na wamenyamaza.

Kiboko_wa_Umba: Watu wanaona tishu, mimi naona kubwa zaidi. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Nchi 122 zikasema ndiyo, hakuna iliyosema hapana, 41 zikajizuia. Tanzania ilikuwa kwenye hizo 41, na Kenya vilevile. Nani alikuulizeni mkiwa na ndoo kichwani? Ndiyo maana wadau wakae kwanza nyumbani, wabishane, kabla mtu hajapanda ndege kutusemea. Mtapishaji asiposikilizwa Tanga, huko mbele hatasikilizwa milele.

Fundi_Mita: Kiboko umetoka usingizini na takwimu zako.

Shamba_Kihuhwi: Samahani, hayo matope ya buti zangu umeyataja ya nini? Nimetoka juu alfajiri, barabara unaijua. Na kama ni malalamiko, ya kwangu ni makubwa kuliko tishu. Sheria inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Shamba alilotuachia babu lote liko ndani ya hizo mita 60. Nyie mjini mnafungua bomba, mnaosha bodaboda, mimi nahifadhi. Wewe umefutiwa maiki, mimi nani kanifuta machozi?

Mvuta_Shimo_Makorora: Ndugu yangu, sikukudharau hata kidogo, nilitaka watu waone upendeleo wa yule bwana. Wewe na mimi tuko upande mmoja.

Shamba_Kihuhwi: Sawa, ila buti zifute kwenye uzi.

Mama_wa_Maramba: Mnagombania tishu, sisi kina mama wa jumuiya hatukupewa maiki kabisa! Tumekaa nyuma tangu asubuhi, tumepigishwa makofi, tumepigwa picha, tukaambiwa muda umekwisha. Pampu yetu imekufa, tunachota kwenye dimbwi pamoja na ng'ombe. Ningepewa maiki hata ikafutwa kwa dekio ningeshukuru.

Binti_Sahare: Mama umeniliza. Chai nayo mlipewa?

Mama_wa_Maramba: Ya baridi. Sambusa walimaliza wa meza za mbele.

Mwana_wa_Bagamoyo: Nyie wa Tanga mna bahati mnaitwa hata kwenye vikao. Mtambo wa Ruvu Chini uko kwetu Bagamoyo, maji yanasafishwa kwetu, yanapanda bomba yanakwenda Dar es Salaam. Mimi huku kisima changu ni chumvi tupu, ukinawia macho yanawaka. Nanunua kwa dumu.

Mzee_wa_Barabara_ya_8: Chumvi ya Bagamoyo si ya leo, kinga maji ya mvua, kijana. Nunua tangi.

Mwana_wa_Bagamoyo: Tangi bei gani siku hizi, mzee wangu?

Mvuta_Shimo_Makorora: Jamani, turudi kwenye tishu.

Fundi_Mita: Ninalo tangi la lita 1000, limetumika kidogo, liko Usagara, halivuji. Karibu faragha.

Shamba_Kihuhwi: Mfuniko upo?