Ushauri: Kata ina shule nne za msingi, nitajuaje ipi inafanya kazi na ipi inazama?

AEK_Mgeni

Habari za kazi wadau wa elimu. Mimi ni afisa elimu kata (AEK) mgeni. Naomba mawazo ya maafisa elimu kata wenye uzoefu, walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule. Kata ni ya vijijini, shule nne za msingi, zote za serikali. Majina nayaacha:

A: wanafunzi 612 (I–VII), walimu 11. Darasa la VII: 58 walifanya mtihani, 41 wamefaulu.
B: wanafunzi 341, walimu 6. Walifanya 33, wamefaulu 22.
C: wanafunzi 214, walimu 3. Walifanya 19, wamefaulu 9.
D: wanafunzi 158, walimu 3. Walifanya 9, wamefaulu 8.

Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kuna pendekezo kwamba D itangazwe shule ya mfano kwa asilimia 89, na mwalimu mkuu wa A ajieleze kwa asilimia 71. Pendekezo hilo lina haki? Pili, ruzuku ya uendeshaji inaonekana ndogo mno, hasa D. Tatu, naweza kuhamisha walimu ndani ya kata? Nne, chakula cha mchana: wazazi wako tayari, lakini kila mmoja ana kiasi chake kichwani.

ChakiNaUbao

Mkuu, usitangaze kitu bado. Kwa watahiniwa tisa, mtoto mmoja tu ana uzito wa asilimia 11. Wawili wakiugua siku ya mtihani wakafeli, shule yako ya mfano inashuka hadi 67. Shule ndogo usiipime kwa mwaka mmoja. Jumlisha watahiniwa wa miaka mitatu au minne ndipo ugawanye.

Fungua matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) shule kwa shule, uangalie wastani wa shule na siyo idadi ya waliofaulu peke yake. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja C, la chini kabisa la kufaulu, linaanzia 121. Shule yenye wastani wa 125 ambayo karibu wote wana C imesimama ukingoni. Yenye wastani wa 160 ina nafasi ya kupumua hata kama asilimia ya ufaulu zinalingana. Kisha shuka somo kwa somo. Kiingereza huburuza mkia karibu kila mahali, kwa hiyo hicho kisikushtue. Kinachotakiwa kukushtua ni Kiswahili kuwa chini, maana yake ni kwamba watoto wamefika la VII bila kusoma vizuri.

Sasa nipe namba moja ambayo hujaiweka: hao wa darasa la VII, walipoandikishwa la kwanza walikuwa wangapi kila shule?

AEK_Mgeni

Nimepitia rejista za uandikishaji. A 84, B 52, C 40, D 27.

ChakiNaUbao

Ahsante. Sasa gawanya waliofaulu kwa walioanza: A 41 kwa 84, asilimia 49. B asilimia 42. D 8 kwa 27, asilimia 30. C asilimia 23. Kata nzima, waliofaulu ni asilimia 67 ya waliofanya mtihani, lakini ni asilimia 39 tu ya walioanza. Huyo mwalimu mkuu mnayetaka ajieleze ndiye aliyewafikisha watoto wengi zaidi. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu kusifu asilimia ya mtihani bila kuuliza waliopotea kunamfundisha mwalimu kwamba mtoto dhaifu akiacha shule, shule inapendeza.

Ila usimhukumu D kwa haraka vilevile. Watoto 18 hawakufika kwenye mtihani. Chukua majina yao mmoja mmoja, uyapange mafungu matatu. Kwanza waliohama: kila mwanafunzi ana namba ya PREM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi), na uhamisho halali unaonekana humo. Pili waliokariri darasa, hasa la IV baada ya upimaji; hao bado wako shuleni. Tatu watoro na walioacha. Fungu la tatu ndilo kazi yako, na orodha yake iende kwa Mtendaji wa Kijiji ikiwa na majina na vitongoji. Ukimpelekea "watoro ni wengi", hataanzia popote. Hesabu hii ifanye pia kinyume, kwa sababu wapo waliohamia. Usiwaongeze kwenye kundi la walioanza hapo.

HatiYaMalipo

Niingie kwenye ruzuku. Kiwango cha msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 hubaki ngazi ya juu serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia akaunti ya shule, yaani 500 kwa mwezi. Kwa hiyo A inategemea 306,000 kwa mwezi, B 170,500, C 107,000, D 79,000. Kata nzima 662,500.

Tatizo la D ni kwamba fedha inafuata kichwa cha mtoto, wakati gharama nyingi hazijali vichwa. Shule ya watoto 158 ina madarasa saba kama ya watoto 612. Inahitaji rejista saba, mitihani ya majaribio ya madarasa yaleyale, na safari ileile ya benki. Kama bodaboda kwenda mjini na kurudi ni 20,000, robo ya fedha ya mwezi imeishia barabarani. Wapange matumizi kwa robo mwaka, 237,000 kwa pamoja, na wanunue kwa mzabuni mmoja anayetoa risiti ya EFD (mashine ya kodi). Shule mbili zilizo jirani zinaweza kuagiza karatasi na chaki siku moja ili usafiri uwe mmoja, lakini kila shule iwe na hati yake ya malipo. Kuchanganya fedha za shule mbili kwenye risiti moja ni hoja ya ukaguzi hata kama hakuna senti iliyopotea.

Chunguza pia idadi ya wanafunzi. Lazima namba tatu zikubaliane: rejista ya mahudhurio, PREM, na takwimu za TSM (fomu za kila mwaka za takwimu za shule za msingi) zinazojazwa kwa idadi ya Machi 31. Shule iliyopokea darasa la kwanza wengi Januari inaweza kuendelea kupata fedha kwa idadi ya zamani hadi takwimu zihuishwe. Na shule iliyoacha watoro kwenye orodha ili namba ikae juu inajitega: mkaguzi akija akahesabu vichwa darasani, wanaitwa wanafunzi hewa.

Mengine unayajua: kikao cha kamati na muhtasari kabla ya malipo, mgawanyo wa mafungu kama waraka unavyoelekeza, mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi, ni yake na haimo kwenye ruzuku. Wanakijiji huchanganya hizo mbili na ugomvi huanzia hapo, kwa hiyo ieleze mapema.

MwlWaZamu

Kuhusu walimu. Kwa uwiano wa 1:45 kata inahitaji 30 hivi, mna 23. A ina watoto 56 kwa mwalimu, B 57, C 71, D 53. Kwa hesabu hiyo D inaonekana ina nafuu kuliko wote. Si kweli. Chukua vipindi nane kwa siku: darasa moja ni vipindi 40 kwa wiki, madarasa ya III hadi VII ni 200. Walimu watatu, hata wakiingia kila kipindi bila kupumua, wanafundisha 120. Na hapo la I na la II hayajapata mtu, na mmoja wa hao watatu ni mwalimu mkuu anayeitwa vikaoni.

Kinachotokea kwenye shule kama hiyo ni kwamba la VII linapata walimu, la IV kidogo kwa sababu ya upimaji, na la I, II na III yanaandikiwa kazi ubaoni. Miaka minne baadaye unawatafuta wale 18. Ushauri wangu:

Mwalimu bora wa kusomesha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) akae la I na la II, asiguswe mpaka mwaka uishe. La III na la IV wakae chumba kimoja kwa Kiswahili na Hisabati, la V na la VI vivyo hivyo, ratiba ikipishana: kundi moja linafundishwa dakika 20 huku jingine likifanya zoezi, halafu wanabadilishana. Hii inataka zoezi liandaliwe kabla. Likiandikwa papo hapo, chumba kinageuka soko. Kila mwezi msikilize kila mtoto wa la II akisoma kifungu kifupi kwa dakika moja. Asiyefikia maneno 50 andika jina. Kwa shule ndogo ni kazi ya asubuhi moja.

Mimi ningetoa walimu wawili A niwapeleke C.

TaratibuKwanza

Hapo kwenye kuhamisha sikubaliani. AEK hana mamlaka hayo. Mwajiri ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Wewe unaandika mapendekezo kwa Afisa Elimu Awali na Msingi, yeye ndiye anayeyapeleka. Mwalimu akihamishwa kwa maslahi ya serikali anastahili malipo ya uhamisho, na ndiyo maana barua nyingi hulala mezani: fungu halina fedha. Kumhamisha kwa mdomo ni kutengeneza deni na kesi.

Tena A ikitoa wawili inabaki na walimu tisa kwa watoto 612, yaani 68 kwa mmoja. C ikiwa na watano inashuka hadi 43. Mmegeuza shimo, hamjaliziba. Pendekeza mmoja: A inakuwa 61, C inakuwa 54 hivi. Na wakati barua inasubiri, walimu wakuu wakubaliane, kwa kibali cha maandishi cha ofisi ya elimu, mwalimu wa Hisabati wa A aende C siku mbili kwa wiki. Vipindi vyake vya A virundikwe siku tatu zilizobaki. Mpango huu hufa kwa sababu ya nauli, kwa hiyo iamuliwe mwanzoni nani anaibeba.

Jambo jingine ni nyumba. Mwalimu mpya akifika C akakosa pa kulala, ataanza kuandika barua ya kuondoka wiki ileile. Serikali ya kijiji itafute chumba kabla hamjaomba mwalimu.

MjumbeKamati_7

Chakula kihesabiwe kwa gramu, na siku za masomo ni 194. Makande: mahindi gramu 100 na maharage gramu 30 kwa mtoto kwa siku. Kwa mwaka ni mahindi kilo 19.4, yaani debe moja na kidogo, na maharage kilo 5.8. Kwa D yote, mahindi kilo 3,065 (magunia 31 ya kilo mia) na maharage kilo 920 hivi. Kusanyeni mara tu baada ya mavuno. Ukingoja Novemba mzazi hana kitu. Mahindi yakaushwe vizuri na yahifadhiwe juu ya chaga, kwa sababu yenye unyevu yanaota ukungu wa sumukuvu, na hayo hayafai hata yakioshwa.

Mwalimu asishike mchango. Mkutano wa wazazi uamue, muhtasari uende kwa Mkurugenzi, serikali ya kijiji ikusanye, kamati ya chakula itunze daftari la stoo. Mtoto ambaye kwao hawakuleta anakula na wenzake na harudishwi nyumbani. Kuni, maji na mpishi viwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Shule nyingi zina mahindi stoo na jiko limezimwa kwa sababu mpishi hajalipwa.

AEK_Mgeni

Nashukuru sana. Swali la mwisho: kwenye kikao kijacho nipeleke nini mezani, nikiwa na dakika kumi?

ChakiNaUbao

Karatasi moja, mistari minne, shule kwa shule: walioandikishwa la I, waliofanya la VII, waliofaulu, na wastani kati ya 300. Pembeni weka idadi ya watoto wa la II wasiosoma. Omba maazimio mawili tu: watendaji wa vijiji wafuatilie majina ya watoro wa C na D na walete majibu ndani ya siku 30, na kijiji cha C kitoe chumba cha mwalimu. Suala la shule ya mfano liondoe kwenye ajenda mpaka uwe na matokeo ya miaka mitatu.